Fedha za Rotary Zinavyofika Kisimani na Zahanati: Mambo Anayopaswa Kuyafahamu Mkazi wa Kata

Wakazi wengi wamekwisha kuiona alama ya gurudumu lenye meno ikiwa imechorwa ubavuni mwa tangi la maji, au juu ya mlango wa wodi ya wazazi, au kwenye kibao kilichosimikwa kando ya kisima kirefu. Alama hiyo ni ya Rotary. Wanaoitambua ni wengi. Wanaofahamu fedha zilizojenga kisima hicho zilitoka wapi, nani aliamua zije, na kwa nini kata jirani haikupata kitu, ni wachache. Pale maelezo yanapokosekana, uvumi huchukua nafasi. Utasikia kwamba fedha zilikuwa za Serikali na zimeliwa njiani. Utasikia kwamba yupo mfadhili mmoja tajiri ng'ambo anayetuma fedha kwa anayempenda. Na linaloumiza zaidi, hutokea mtu akapita nyumba kwa nyumba akidai "ada ya fomu" ili kijiji kiingizwe kwenye orodha ya miradi. Makala haya yanakusudia kueleza utaratibu ulivyo, ili mkazi ajue cha kutarajia, cha kudai na cha kukataa.

Rotary si idara ya Serikali, si dhehebu la dini wala si chama cha siasa. Ni muungano wa vilabu vya watu wenye shughuli zao: walimu, madaktari, wafanyabiashara, wahandisi, mawakili, wakulima. Wanakutana kwa ratiba, wanalipa ada zao wenyewe, na hawapokei mshahara kwa kazi ya klabu. Klabu ya kwanza iliundwa Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu. Jina lilitokana na desturi yao ya kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Katika Afrika Mashariki, klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1930 na ya Dar es Salaam mwaka 1949. Leo wanachama ulimwenguni wanazidi milioni 1.

Klabu na mfuko ni vitu viwili

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Klabu iliyoko mjini ina akiba ndogo, inayotokana na michango ya wanachama, chakula cha hisani, mnada au mbio za kuchangia. Mbio za Rotary zinazofanyika Dar es Salaam kila Oktoba, karibu na siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ni mfano unaofahamika. Fedha za namna hiyo hutosha madawati, vyandarua au kambi ya siku moja ya kupima macho. Hazitoshi kuchimba kisima kirefu na kufunga mfumo wa umeme wa jua.

Miradi mikubwa hutegemea chombo kingine, yaani Mfuko wa Rotary. Wazo lake lilitolewa mwaka 1917 na Arch Klumph, aliyekuwa rais wa Rotary wakati huo. Alipendekeza kwamba wanachama waweke akiba ya kudumu kwa ajili ya kutenda mema duniani. Mchango wa kwanza uliingia mwaka 1918, nao ulikuwa dola 26 na senti 50, salio la fedha za mkutano uliofanyika Kansas City. Kiasi hicho leo hakitoshi hata roli moja la bomba la maji. Kwa miaka mingi mfuko ulikua polepole mno, mpaka Paul Harris alipofariki mwaka 1947 na wanachama wakaanza kutoa michango kwa kumkumbuka. Tangu hapo haukurudi nyuma.

Mwanachama anapotoa mchango wake wa mwaka, fedha hizo kwa kawaida hazitumiki mwaka huo. Huwekezwa kwa muda wa miaka mitatu. Mtu mwenye kiu ataona huo ni ucheleweshaji usio na maana, lakini sababu ipo: faida ya uwekezaji husaidia kulipia gharama za kuendesha mfuko, ili mchango wenyewe usimegwe kwa mishahara na karatasi. Miaka mitatu ikitimia, hutolewa asilimia 5 ya uendeshaji, kisha kinachobaki hugawanywa nusu kwa nusu. Nusu moja huingia katika Mfuko wa Dunia unaosimamiwa na wadhamini. Nusu nyingine hurudi katika jimbo la Rotary lilikotoka, nalo likaamua matumizi yake.

Neno jimbo lisichukuliwe kwa maana ya jimbo la uchaguzi wala la utawala. Majimbo ya Rotary hukatwa kwa kuangalia idadi ya vilabu, na yanaweza kuvuka mipaka ya nchi. Kwa miaka kadhaa Tanzania na Uganda zilikuwa jimbo moja, namba 9211. Jambo hilo linamgusa mkazi moja kwa moja. Jimbo ambalo wanachama wake walichanga kidogo miaka mitatu iliyopita lina kidogo cha kugawa leo, hata kama shida ya maji ni kubwa kuliko mahali pengine. Ndiyo maana vilabu vya kwetu hulazimika kutafuta wenzi katika nchi zenye michango mikubwa.

Ruzuku ndogo na ruzuku kubwa

Ruzuku ya jimbo ni ndogo. Hutolewa na jimbo kutoka katika fungu lake, haina masharti mengi, na hutumika kwa shughuli za muda mfupi kama ukarabati wa vyoo vya shule au ununuzi wa vitanda vya zahanati.

Ruzuku ya kimataifa ndiyo inayojenga miradi mikubwa, na bajeti yake haiwezi kuwa chini ya dola 30,000. Ni lazima iwe na vilabu viwili: klabu mwenyeji, iliyo katika nchi ya mradi, na klabu mshirika kutoka nchi nyingine. Ni lazima pia ilenge mojawapo ya maeneo saba: amani, kinga na tiba ya magonjwa, maji na usafi wa mazingira, afya ya mama na mtoto, elimu ya msingi na kisomo, uchumi wa jamii, na mazingira, eneo ambalo lilianza kupokea ruzuku mwaka 2021.

Tuchukue hesabu ya mfano, isiyohusu mradi wowote uliopo. Klabu moja ya Tanzania na nyingine ya Ujerumani zinataka kupeleka maji katika kituo cha afya. Jimbo la huku linatoa dola 8,000 kutoka fungu lake, na jimbo la kule dola 12,000. Jumla ni dola 20,000. Mfuko wa Dunia huongeza asilimia 80 ya fedha hizo za majimbo, yaani dola 16,000. Wanachama wa vilabu viwili wanachanga dola 4,000 taslimu. Bajeti inafikia dola 40,000. Angalia kwamba hakuna mtu mmoja aliyetoa dola 40,000. Jimbo lolote likijiondoa, halipotei fungu lake tu, bali hata nyongeza iliyokuwa ije juu yake. Jimbo la kule likiondoa dola zake 12,000, Mfuko wa Dunia nao utapunguza dola 9,600, na bajeti itabaki dola 18,400, chini kabisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Hivyo ndivyo mradi uliokwisha kutangazwa kijijini unavyoweza kufa bila mtu yeyote kuiba hata shilingi. Ni vizuri viongozi wa mitaa na vijiji wakazuia tamaa ya kutangaza neema kabla ruzuku haijaidhinishwa kwa maandishi.

Katika hesabu hiyo hakuna mstari unaosema "mchango wa wananchi", na haukusahaulika. Masharti ya ruzuku hayaruhusu fedha zinazohesabiwa katika bajeti kutoka kwa wanufaika wa mradi wenyewe. Kwa maneno mengine, kijiji hakinunui nafasi. Atakayepita akidai elfu tano kwa kila kaya ili "jina liende Rotary" hatumwi na klabu yoyote inayofuata masharti hayo, na taarifa zake zipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata siku hiyohiyo. Kuchangia matengenezo baada ya mradi kukamilika ni jambo jingine kabisa, nalo tutalifikia.

Yapo mambo ambayo ruzuku ya kimataifa haigusi. Hainunui ardhi wala majengo. Hailipi gharama za kila siku zisizo na mwisho, kama mshahara wa muuguzi au bili ya umeme. Haitolewi kama fedha taslimu kwa shirika likatumie litakavyo. Kwa hiyo kijiji kinachoomba zahanati nzima, na watumishi, na nyumba za watumishi, kinaomba yasiyowezekana katika mlango huo. Kijiji chenye zahanati isiyo na maji, au chumba cha kujifungulia kisicho na taa usiku, kina hoja.

Kabla ya fomu kujazwa

Kabla ya kuomba ruzuku ya kimataifa kwa mradi wa huduma, vilabu vinawajibika kufanya tathmini ya mahitaji pamoja na jamii yenyewe. Haitoshi mwanachama kupita na gari, akaona akina mama wamebeba ndoo, akaamua kisima kichimbwe pale alipoegesha. Wakazi waulizwe wanaona tatizo liko wapi, wamejaribu nini, nani atasimamia.

Kwa upande wetu, yapo majukwaa ya kujibia maswali hayo. Mkutano mkuu wa kijiji ndipo kipaumbele kinapopitishwa, na muhtasari wake ndio ushahidi. Kamati ya Maendeleo ya Kata huoanisha vipaumbele vya vijiji. Mradi ukihusu zahanati au kituo cha afya, Mganga Mkuu wa Wilaya na kamati ya usimamizi wa kituo hawawezi kuachwa nje. Ukihusu maji vijijini, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ndio wenye jukumu la kitaalamu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ndiye mtu wa kwanza wa kumwona, kwa kuwa kazi yake ni kuwaunganisha wananchi na wadau. Kijiji kisicho na muhtasari wa mkutano, kisicho na hati ya eneo la mradi na kisichojua idadi ya kaya zake, hukosa fedha mara nyingi si kwa sababu kina shida ndogo, bali kwa sababu mshirika aliyeko ng'ambo hana cha kushika mkononi anapowaeleza wenzake.

Sasa tuje kwenye jambo linalostahili kujadiliwa kuliko yote, nalo ni maisha ya mradi baada ya utepe kukatwa.

Pampu ya kisima huharibika. Si swali la kama, ni swali la lini. Mpira huchakaa, bomba hupasuka, kifaa cha kubadili umeme wa jua huungua kwa radi. Ikiwa hakuna fedha wala fundi, kifaa cha bei ndogo husimamisha kisima cha mamilioni ya shilingi, na akina mama hurudi mtoni walikokuwa wakichota kabla. Mfuko wa Rotary kwa hiyo hudai mwombaji aeleze, kabla ya kupewa fedha, namna mradi utakavyojiendesha ruzuku ikiisha: nani atamiliki miundombinu, nani atatunza, nani ataweka akiba ya vipuri. Katika miradi ya maji ya vijijini kwetu, jibu la kisheria lipo. Chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kilichosajiliwa, hukusanya malipo madogo ya maji na kuyaweka benki kwa matengenezo. Mkazi anayesema "maji ya mfadhili hayalipiwi" anafikiri anatetea haki yake. Kwa kweli anakata tawi alilokalia.

Vifaa vya hospitali vina msiba wao. Mashine hufika ikiwa na plagi ya kwao, inahitaji umeme usiotetereka, inatumia kemikali isiyouzwa popote mkoani, na maelekezo yake yameandikwa kwa lugha isiyosomwa na yeyote kituoni. Baada ya miezi michache imewekwa stoo, imefunikwa shuka. Hilo si kosa la muuguzi. Ndiyo sababu katika mradi mzuri wa afya sehemu ya bajeti hutengwa kwa mafunzo ya watumishi na makubaliano ya matengenezo, na orodha ya vifaa hukaguliwa kwanza na wataalamu wa halmashauri. Ofisi ya Mganga Mkuu inapokataa zawadi ya mashine isiyofaa, wananchi wasiione kwamba imekataa msaada. Zawadi isiyoweza kutumika nayo ina gharama, kuanzia usafiri na nafasi ya stoo hadi matumaini ya wagonjwa.

Polio: mkondo wa pekee

Zipo fedha za Rotary ambazo hazipiti katika klabu ya mjini hata kidogo, nazo ni za polio. Kazi hiyo ilianza mwaka 1979 kwa mradi wa kuwachanja watoto wa Ufilipino, na mwaka 1985 Rotary ikaahidi kampeni ya dunia nzima. Mwaka 1988 ulianzishwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Kituo cha Marekani cha Kudhibiti Magonjwa. Wakati huo ugonjwa ulikuwa katika nchi zaidi ya 125, ukipooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka. Baadaye Taasisi ya Gates ilikubali kuongeza dola 2 kwa kila dola 1 ya Rotary, hadi kikomo cha dola milioni 50 za Rotary kwa mwaka. Milioni 50 hizo huwa 150. Hutumika katika chanjo, watumishi wa kampeni na ufuatiliaji wa virusi, kupitia mashirika hayo na wizara za afya.

Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio. Furaha hiyo haikukaa muda mrefu. Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa mmoja, virusi vyake vikiwa na asili ya Pakistani, na Mei mwaka huohuo mwingine akapatikana Msumbiji. Ndiyo maana watoto wa chini ya miaka 5 nchini walipewa matone, kwa kuanzia mikoa inayopakana na Malawi, ingawa wazazi wengi walikuwa hawajawahi kumwona mtoto mwenye polio. Mzazi aliyeuliza "kwa nini tena?" alistahili jibu, na jibu ni hilo: mpaka hauzuii virusi.

Wakati wa maafa

Mafuriko, maporomoko au moto vinapotokea, Mfuko wa Rotary una ruzuku ya maafa inayoombwa na jimbo lililoathirika. Hulipia mahitaji ya haraka kama maji, chakula, dawa na mavazi. Lipo pia shirika la ShelterBox, lililoanzia katika klabu moja ya Rotary huko Cornwall, Uingereza, mwaka 2000, linalopeleka mahema na vifaa vya nyumbani katika nchi zilizokumbwa na maafa.

Msaada huo hauchukui nafasi ya Serikali. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, zipo kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, kata, wilaya hadi mkoa. Kila mwenye msaada, awe klabu, msikiti, kanisa au kampuni, anapaswa kupitia huko. Maporomoko ya tope yalipoukumba mji wa Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, michango ilimiminika kutoka kila pembe ya nchi. Wingi wa namna hiyo ukikosa orodha moja ya waathirika, kaya iliyo karibu na barabara hupata magodoro mara tatu, na iliyo bondeni haipati hata blanketi. Kwa hiyo mkazi ahakikishe jina la kaya yake limo katika daftari la mtaa au kijiji sasa, wakati hakuna mafuriko.

Mkazi ana haki ya kuuliza nini

Fedha za ruzuku ya kimataifa zinatakiwa kukaa katika akaunti ya benki ya mradi huo peke yake, yenye watia saini wasiopungua wawili walio wanachama wa Rotary. Taarifa ya maendeleo hutolewa kila baada ya miezi 12, na ya mwisho ndani ya miezi miwili tangu mradi kukamilika. Stakabadhi na kumbukumbu hutunzwa kwa miaka isiyopungua mitano. Kwa kuwa vilabu vinawajibika kwa hayo mbele ya mfuko, hakuna sababu ya mkazi kuona haya kuuliza katika mkutano wa kijiji: bajeti yote ni kiasi gani, fundi amepatikana vipi, kifaa kina dhamana ya muda gani, na nani anashika ufunguo wa nyumba ya pampu.

Kata ambazo zingependa kutafuta ushirikiano zianze na mkutano mkuu wa kijiji, zipitishe kipaumbele kimoja badala ya saba, kisha zipeleke muhtasari uliosainiwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Muhtasari utaje idadi ya kaya zinazoguswa, umbali wa huduma iliyopo sasa, mmiliki wa eneo linalopendekezwa, na majina ya wajumbe watakaosimamia matengenezo. Huduma hiyo ya ofisi ya kata haina malipo.